Macho ya Dada Yangu Kwenye Gemu

Kinyaa nilichokipata siku ile bado ninacho mdomoni, kama mtu aliyemeza inzi kwenye chai.

Mjukuu wangu, binti wa binti yangu, naye mama wa binti mdogo, anatengeneza gemu za kwenye simu. Wako watatu, wamepanga chumba nyuma ya maduka pale Maili Moja. Mimi shule niliishia darasa la pili, kazi hiyo siielewi, ila nilimwombea Mungu. Jioni akirudi alikuwa anakaa na mimi jikoni, ananiuliza habari za dada yangu marehemu. Nikafurahi. Nani siku hizi anauliza habari za wafu?

"Bibi, macho yake yalikuwaje?"

"Mekundu kama pilipili, mke mwenzangu. Moshi ule."

Dada yangu alifiwa na mume mapema, kule Msimbu, akaishi kwa kuchoma mkaa. Kazi ya wanaume, yeye akaifanya. Tanuru la mkaa halitaki ulale. Udongo ukipasuka moto unatoka, magogo yote yanakuwa majivu. Basi anashinda kwenye moshi, anaziba ufa huu, anaziba ule, mpaka macho yakawa vile. Nikamweleza na mwendo wake, kiuno kimepinda upande kwa kubeba magunia. Tena yeye ndiye aliyetunza mwanahiti wa ukoo wetu, yule mtoto wa mti anayepewa mwali akiwekwa ndani, ampake mafuta na kumlea. Mimi nilimshika. Binti yangu alimshika.

Mwisho wake pia nilimweleza. Surua ilipita Msimbu, watoto wakafa, watu wakatafuta mchawi mwenye macho mekundu. Wakaja na mienge mchana kweupe, wakachoma nyumba. Majina yao ninayo yote, na ya baba zao. Siyataji, maana wajukuu zao napeana nao mikono kanisani. Dada alikuja kwangu Kibaha na kanga aliyovaa, mwanahiti kamficha kifuani. Hakurudi tena. Huyu mjukuu alipovunja ungo, dada ndiye aliyempaka mafuta na kumkabidhi mwanahiti kwa mikono yake. Baadaye tukamzika hapa hapa, mbali na mama yetu.

Sasa Jumamosi moja mjukuu akaingia mbio na simu. "Bibi, tumemaliza! Tazama adui mkuu. Kila gemu ina adui mkuu, anakaa mwisho, ndiye mgumu kuliko wote."

Kwenye kioo akatoka bibi kizee msituni. Kiuno upande. Macho yanawaka. Mkononi mwanahiti, na akimtikisa, watoto wanaanguka.

Nilitema mate sakafuni, mimi ninayegombeza wanaotema.

"Huyu nani?"

"Wa gemu tu, Bibi."

"Nimekuuliza, huyu nani?"

"Nimechukua kidogo kwa bibi mkubwa. Ndiyo maana anatisha kweli. Wenzangu wamempenda!"

"Anashindwaje?"

"Nani?"

"Huyo. Anayecheza anamshindaje?"

Akaangalia chini. "Anachomwa. Na nyumba yake."

Wale wa Msimbu walikuwa wajinga, na walikuwa wamefiwa. Huyu hajafiwa na mtu. Amelelewa na mikono ya dada yangu, halafu anakuja jikoni kwangu kumchuma kama mchicha, huku namwongezea chai.

"Lakini hakuna anayemjua, Bibi! Hata jina sikuweka."

"Kiuno kile ukoo mzima unakijua. Mtoe."

"Kazi yote ile, Bibi?"

"Mtoe, la sivyo mwanahiti binti yako hamshiki."

Akalia. Siku nyingine ningemtania, mke mwenzangu acha kudeka. Siku hiyo sikumwita hivyo. Chai yake ikapoa, nikaimwaga uani.

Wiki iliyofuata akarudi kwa adabu, shikamoo ya magoti. "Nimembadilisha, Bibi. Kiuno kimenyooka. Mwanahiti nimemtoa, kashika fimbo. Si ndugu yetu tena."

"Bado bibi kizee?"

"Ndiyo."

"Macho?"

"Mekundu. Bibi, watu wakimwona lazima wajue ndiye mbaya."

"Na bado anachomwa?"

"Ndiyo."

"Basi huyo naye ana mdogo wake mahali fulani."

Sikuishika simu. Nilienda kunawa mikono hata hivyo. Mwanahiti alikuwa juu ya kabati, pale mjukuu alipomwacha baada ya kumpiga picha za gemu yake, amekauka, hata mafuta hakumpaka. Nikampaka mimi. Nikamviringisha kwenye kanga ya dada, nikamfungia sandukuni, ufunguo nikauvaa shingoni. Kitukuu changu kinakua, na mama yake ameshaanza kuuliza lini kitawekwa ndani. Namjibu aje kwanza na ile simu, nitazame macho.