Lifti ya Mzee Haron

Zadock ana gari mbili. Moja ni Probox, hiyo ndiyo inaleta unga kwa nyumba. Ingine ni MGB ya mwaka wa sitini na nne, imetoka Uingereza, inabeba watu wawili pekee, na juu iko wazi kama karai. Hiyo hailetangi kitu, isipokuwa watu wa kuchungulia.

Yeye ni fundi hapo Uthiru, chini kidogo ya barabara. Alitoka Bungoma akiwa na miaka kumi na tisa, sasa ako karibu hamsini, na hajawahi maliza wiki bila grisi kwa kucha. Mke wake Naliaka husema hata pete ya harusi aliivalishwa ikinuka dizeli.

MGB aliipata Kileleshwa. Kulikuwa na nyumba ya mawe inataka kubomolewa ijengwe ghorofa, na mwenyewe, Mzee Haron, meneja wa benki wa zamani, alikuwa amemwita aangalie Peugeot. Zadock akazunguka nyuma kutafuta maji. Akaona bati, chini ya bati turubai, chini ya turubai kuku imelalia mayai kwa kiti ya dereva. Aliinua hiyo kuku polepole, akaona usukani, akasahau maji.

Watu wa vyuma kuukuu walikuwa wamekuja mara nne wakafukuzwa. Yeye aliulizwa kitu moja tu, kama anataka kuitengeneza ama kuikata. Akasema kutengeneza. Basi mzee akamwachia kwa bei ya urafiki, na akaweka sharti.

"Utanipatia lifti moja," alisema. "Kenyatta Avenue, chini mpaka juu, siku ya Jumapili, paa wazi. Vile nilikuwa nabeba Rachael."

Rachael alikuwa bibi yake, na alikuwa ameshaenda mbele ya haki. Zadock akaahidi, akasema hiyo ni kazi ya mwaka moja.

Ilikuwa miaka sita. Sakafu ilikuwa imeliwa na kutu mpaka ungeweza kukanyaga barabara ukiwa umeketi. Aliziba na bati ya friji kuukuu. Viti alipelekea jamaa wa kushona sofa Kangemi. Spana zake zote zilikataa, kwa sababu nati za hiyo gari zinapimwa kwa inchi, so akatembea Kirinyaga Road duka kwa duka akiuliza spana za inchi, wengine wakimcheka, mpaka akapata seti imefungwa na gazeti. Rangi akapiga mwenyewe, kijani ya chupa. Kiarie, fundi jirani, kila asubuhi alikuwa anamuuliza kama ameshatoa hesabu ya mayai.

Halafu Jumatano moja simu ikalia. Ni Mzee Haron, miaka themanini na mbili sasa, anakaa na msichana wake Janice kwa ghorofa hapo hapo Kileleshwa.

"Fundi, kijana yangu ananichukua Kanada. Jumatatu napanda ndege," alisema. "Usinidanganye nikirudi tutaenda. Sirudi. Jumapili saa nne nitakuwa kwa geti. Nitavaa tai."

Zadock hakulala vizuri tena hiyo wiki. Gari ilikuwa inawaka, lakini haikuwa imewahi toka Uthiru. Akafunga breki upya, akasafisha kabureta zote mbili. Jumamosi jioni betri ikakataa kushika moto, akachukua ingine kwa Kiarie, akaifunga haraka haraka huko nyuma ya viti, mahali betri ya hiyo gari hukaa, akaenda kuoga.

Jumapili ikawaka mara moja. Naliaka alitoka na aproni akamwambia, "Baba Becky, ukirudi ukivutwa na kamba nitajifanya sikujui." Zadock akashika Waiyaki Way na upepo kwa meno. Hapo Kangemi makanga wa matatu alijipiga kifua akaomba wabadilishane kazi. Mama wa mboga alisimama na sukuma mkononi kuangalia. Kitu moja tu ilikuwa inamsumbua: taa nyekundu ya chaji ilikataa kuzima. Akajiambia ni balbu.

Haikuwa balbu. Kileleshwa, mita ishirini kabla ya geti, injini ikakohoa na ikanyamaza. Gari ikateleza yenyewe mpaka miguuni mwa Mzee Haron, ambaye alikuwa na kofia, tai, na fimbo.

"Umefika," mzee akasema, akaelekeza fimbo kwa boneti. "Na yeye amefika?"

Janice alikuwa nyuma yake, amevaa nguo ya kanisa, ameangalia hiyo gari kama mgonjwa wa kuambukiza. Alisema dad hapandi kitu kama hiyo, na kwanza hawajamaliza kupanga masanduku. Mzee alikuwa ameshafungua mlango. Aliketi, akaweka fimbo katikati ya magoti, akangoja.

Zadock aliinama nyuma ya viti na jasho ya aibu. Akaangalia waya. Akaangalia tena. Na hapo akaona kazi ya mkono yake mwenyewe. Kila Probox, kila Toyota aliyogusa miaka thelathini, negativu ndiyo hufungwa kwa bodi. Lakini Waingereza wa wakati huo walikuwa wanafunga positivu kwa bodi. Alikuwa anajua. Miaka sita alikuwa anajua, na Jumamosi vidole vikafunga vile vimezoea. Dainamo, badala ya kulisha betri, imekuwa ikiila tangu Uthiru.

"Niliifunga kama Probox," akakiri.

Mzee Haron alicheka mpaka kofia ikainama. Alisema mwaka wa sabini na moja yeye alifanya hiyo hiyo, na Rachael akasukuma kutoka posta hadi hoteli.

Zadock akageuza waya, akasugua na msasa kaswichi ka kupitisha chaji kwa betri penye kalikuwa kameungua. Betri sasa ilikuwa na pumzi kidogo sana. Ilibaki kusukuma. Askari wa geti akaja, Zadock akashika mlango huku mkono moja kwa usukani, lakini gari haikutaka kupanda tuta ya hapo mbele ya geti. Janice aliangalia baba yake hapo mbele, ameketi kama bwana arusi. Akatoa viatu, akaviweka juu ya ukuta.

"Mkiambia mtu yeyote," alisema, na akasukuma.

Ikashika. Zadock akaruka ndani. Taa nyekundu ikazima, na hakuthubutu kupumua mpaka mjini.

Kenyatta Avenue ilikuwa karibu tupu, miti imetupa maua kwa lami. Zadock aliendesha polepole, chini mpaka juu. Mwisho wa barabara akaegesha pembeni, bila kuzima injini. Ahadi imeisha.

"Imekuwaje, mzee?"

"Sijui," Mzee Haron akasema. "Njia yote nilikuwa naangalia hiyo taa yako kama itawaka." Akavua kofia, akaikalia isipeperuke. "Rudi chini. Sasa nataka kuona barabara."