Koko Aliyekalia Shimo

Juzi nilifungua begi langu la shule na harufu ikanizaba kibao: ndizi niliyoisahau tangu kabla ya likizo, nyeusi, imeshaanza kuchacha. Mama alipiga kelele. Mimi (msimwambie) nilivuta pumzi tena, nikawa na miaka tisa, uani kwetu Observatory, mtaa wa huku kusini mwa Afrika.

Koko ni bibi yangu, mzaa Papa. Kule Goma familia yake ilitengeneza kasikisi, divai ya ndizi. Si hizi ndizi za dukani zenye stika, jamani. Fupi, za kienyeji, kali za kukunja ulimi, zinazopenda udongo mweusi wa lava ya volkeno. Ugonjwa wa mnyauko ulipomaliza shamba, Koko, akiwa tayari huku kwetu, aliagiza machipukizi ya mwisho pamoja na gunia la changarawe ya lava. Dereva wa lori akayaleta. Yalivuka mipaka bila pasipoti, yakawashinda wajomba zangu waliokwama mpakani.

Papa alicheka. "Mama, baridi ya hapa inagandisha hata taa za robot barabarani!"

Koko akatandaza changarawe kuzunguka migomba. Mchana jiwe jeusi hunywa jua, usiku hulitoa polepole. "Jiwe hili linakumbuka moto," alisema. Migomba ikapita baridi na kingo za majani zilizoungua tu. Mwisho ikazaa.

Sasa, ndizi za kasikisi huivishwa ardhini. Unachimba shimo, unatandika majani, unazipanga, unafukia, kisha unaingizia moshi kwa mfereji mdogo. Ukifukua mapema, zote zimeharibika. Kwetu ni kawaida. Kwa jirani, rundo la udongo lenye urefu wa mtu aliyelala, linalofuka moshi, ni kesi ya polisi. Akampigia mwenye nyumba.

Mwenye nyumba alikuja na sepetu, uso mwekundu kama nyanya. Mimi ndiye niliyekuwa na Kiingereza pale nyumbani, basi nikawa balozi.

"Mwambie afukue hili, na haya magugu yakatwe leo!"

Koko alitandika kitenge chake juu ya rundo, akakaa. "Mwambie huyu monsieur, volkeno nzima ilikula nyumba yangu, nikarudi kujenga palepale. Yeye amekuja na sepetu tu?"

Nikatafsiri bila kupunguza chumvi. Ile "tu" niliipa uzito wake.

"Na muulize kama amekula."

Hilo ndilo lililomchanganya. Kabla hajainua sepetu, mama wa saluni ya jirani akaja na kigoda na mteja wake, nusu kichwa kimesukwa, wakakaa kando ya Koko na kuendelea kusuka. Wapangaji wengine wakafuata na viti vyao. Ungedhani ni matanga ya ndizi.

"Eish," mwenye nyumba akasema mwishowe. "Migomba ibaki. Lakini moshi ukome."

Akaondoka, sepetu akaisahau. Koko aliitumia kufukulia shimo.

Nilidhani alipigania pombe, nikamsifu shuleni kama shujaa wa walevi. Siku hizi nikipita kwenye ile changarawe naelewa polepole. Hiyo lava ndiyo iliyomeza kitanda chake, sufuria zake, picha za babu. Kati ya vyote vya nyumbani, Koko aliagiza kile kilichomfukuza, akakilaza chini ya mgomba, akakipa kazi.