Upande wa Kaka

Kaka yangu alipofariki, kompyuta yake ilibaki kwa mkewe, na shemeji akaifungulia steshenari hapa Bariadi, karibu na stendi. Kuchapa barua, kutoa kopi za vyeti, kujaza maombi ya kazi ya watoto wa watu. Ndiyo ugali wake huo. Lakini mashine ilikuwa inajivuta mno, mteja anasubiri mpaka anaondoka zake. Nikaitwa mimi, eti ndiye fundi wa ukoo.

"Nifute kila kitu, niweke mfumo mpya," nikamwambia.

"Thubutu!"

Humo ndani kulikuwa na video za kaka. Anambembeleza binti yao kwa Kisukuma, anacheka, anakohoa. Mtoto alikuwa hajaota hata meno baba yake anazikwa. Sauti ya baba alikuwa anaijulia humo tu. Nikasema basi, tuweke mifumo miwili. Diski naigawa: upande wa kaka unabaki ulivyo, upande wa pili naweka mfumo mwepesi wa bure wa kufanyia kazi. Ukiwasha, mashine inakuuliza unataka upi.

"Ila kwanza tuzihamishie video kwenye flashi," nikasema.

Akakataa katakata. Flashi za mji huu tunazijua: leo kwako, kesho kwa jirani, keshokutwa iko kwa wale vijana wanaorusha nyimbo kwenye simu za watu. "Marehemu azungushwe mjini kama muziki wa harusi? Hapana, shemeji. Abaki alipo." Nilimwelewa, sikubishana naye.

Mfumo mpya ukawaka vizuri tu. Shemeji akapiga vigelegele. Kisha nikachagua upande wa kaka, na kioo chote kikawa bluu. Kumbe diski ilikuwa na kufuli ambalo hakuna aliyejua kama lipo. Ilipoona taratibu za kuwaka zimebadilishwa, ikajifunga. Ikadai ufunguo, tarakimu chungu nzima. Nikarudisha kila nilichokuwa nimebadilisha, wapi!

Ufunguo ulikuwepo kwenye akaunti ya kaka mtandaoni. Akaunti ikajibu kwamba inatuma namba ya siri kwenye simu yake.

Simu gani tena? Siku za matanga ile simu haikukoma kuita. Ulikuwa msimu wa pamba na kaka alikuwa karani wa mizani; wakulima wa Kasoli, ambao hawakuwa na habari, walikuwa wanapiga kuuliza karani anafika lini. Kila ikiita, kilio kinaanza upya. Mwisho mama akaichomoa laini, akaivunja kwa meno, akaitupa motoni. Wazee waliokuwa pale wakamwambia mama umefanya vyema, mayu, simu ya marehemu haiachwi inaita nyumbani. Hata mimi niliitikia. Sasa tulipokwenda kwa kampuni ya simu kuiomba namba ile, tukaambiwa ilishafungwa zamani, hairudi.

Mama aliponiuliza kama kompyuta imepona, nikasema imepona. Ningemwambia nini, jamani?

Kazi ikaendelea. Kila asubuhi kioo kinaleta mistari miwili, wa juu wa mfumo mpya, wa chini wa kaka. Na kila asubuhi shemeji alianza na ule wa chini, mtoto mapajani, akaitazama ile bluu, akazima, akawasha upya. Iliniuma. Iliniudhi pia, sitaki kudanganya, maana wateja walikuwa wamesimama mlangoni wanatazama saa.

Mpaka juzi upande wa kazi ulipojaa. Binti mmoja alikuwa anaomba kazi, siku ya mwisho ya kutuma, na vyeti vyake vikakataa kuhifadhika. Shemeji akanipigia, nikaja mbio. Nikamfungulia picha ya diski aione mwenyewe: upande wetu umejaa pomoni, na pembeni eneo kubwa la kaka, lisilofunguka. Sikumshauri chochote. Nikausogeza mshale kwenye neno "Futa", mkono kwenye kipanya.

Shemeji akamshusha mtoto mapajani, akamwambia aende nje akacheze. Akangoja mpaka ametoka.

"Bonyeza wewe," akasema. "Mimi udongo wangu nilishautupa kaburini."

Nikabonyeza.