Toroli la Shaba Siku ya Posa

Siku hizi nauza simenti, bidhaa ambayo mteja akiinunua anajenga nayo choo na mambo yanaisha. Kabla ya hapo niliuza miche ya shaba, na nasema bila aibu kwamba hakuna aliyeiuza vizuri kuliko mimi katika Gisenyi yote. Sifa yenyewe si kubwa, maana wauzaji tulikuwa wawili, mimi na bosi wangu, na bosi alikuwa akiwatisha wateja kwa tai yake.

Ofisi ilikuwa ghorofani, kwenye barabara ya kwenda Grande Barrière, kituo cha mpakani cha kuvukia Goma, Kongo, juu ya duka la vocha za simu. Bosi alikuwa amejifunza biashara hii kwenye video za mtandaoni. Aliamini kwamba dunia nzima inahamia kwenye magari ya umeme, kwamba magari ya umeme hayatengenezwi bila shaba, na kwamba kwa hiyo muuza sambaza, wale dagaa wa hapa ziwani, lazima awe na mche wa shaba chini ya kitanda chake. Hatua ya mwisho ndiyo iliyokuwa ngumu kidogo, na ndiyo niliyolipwa kuieleza.

Mche mmoja ulikuwa na uzito wa kilo moja, umefungwa plastiki na kupigwa muhuri wa simba aliyefanana zaidi na mbwa wa jirani. Akina mama wauza samaki, wateja wetu wakubwa, waliuita sabuni. "Leo nataka sabuni yangu," walisema wakipanda ngazi, na mimi nikawa nacheka nao huku nikiandika risiti. Kwenye kabati la vioo tuliweka pia madini adimu katika vichupa vidogo, na mojawapo, galiamu, huyeyuka kiganjani kwa joto la mwili tu. Bosi alitaka niitumie kuvuta watu. Shemasi mmoja wa kanisa letu aliishika, ikaanza kumtiririka kati ya vidole, akaimwaga taratibu kwenye sahani, akaniuliza bomba liko wapi. Alinawa mikono na hakurudi tena. Tangu siku hiyo nilishughulika na shaba peke yake.

Jambo moja halikuwemo kwenye bango letu la ukutani. Siku mteja akitaka kuuza mche wake, ofisi iliununua kwa bei ya shaba ya kuyeyusha, ile ya waya chakavu na mabomba yaliyopasuka, ambayo haikufika hata nusu ya bei tuliyouzia. Kama mtu angeniuliza ningemwambia. Walichouliza wao ni kama inashika kutu.

Kati ya wateja wangu alikuwepo mvuvi mmoja, kijana aliyekulia Goma kabla wazazi wake hawajarudi upande huu. Alinunua mche kila mwisho wa mwezi. Alipanda ngazi akinuka sambaza, akaketi kwenye kiti cha plastiki, akanisikiliza nikianza upya habari za magari ya umeme kana kwamba hajawahi kuzisikia. Hata ile miezi ambayo ziwa linafungwa na wavuvi wanakaa bila kazi, alikuja kuniuliza shaba yake inaendeleaje. Nilimjibu kwamba haijambo. Ziwa lilipofunguliwa tulikuwa tumeshakuwa wachumba.

Nilimpenda, na ndipo bei ya kuyeyusha ilipoanza kunikosesha raha. Huyu alikuwa mteja pekee aliyeniamini kuanzia bango hadi muhuri wa mbwa. Nilijiambia nitamweleza baada ya posa, kisha nikajiambia baada ya harusi, na nadhani ningefika mpaka mtoto wa tatu.

Baba yangu ni mwalimu mstaafu. Alizaliwa na kufundisha Tanzania, na mpaka leo akisikia mtu anasema "ngombe inakuja" anasitisha mazungumzo ili amrekebishe. Siku hizi ng'ombe wa mahari huja ndani ya bahasha, lakini baba alitangaza mapema kwamba bahasha hataki. Bahasha, alisema, inaliwa kabla wageni hawajaaga. Alitaka kitu kinachosimama uani, akione asubuhi anapopiga mswaki. Alimaanisha ng'ombe, na kila mtu nyumbani alijua, kwa sababu siku za soko alikuwa akipanda mpaka Mahoko kuuliza bei za ng'ombe ambao hakukusudia kuwanunua. Baba mdogo wa mchumba wangu hakuyajua hayo, naye alikuwa mtu wa kupenda mawazo mapya.

Siku ya posa uwanja wetu ulijaa. Wakwe walikaa chini ya turubai moja, sisi chini ya jingine, wasemaji wa pande mbili katikati wakitaniana kwa Kinyarwanda kama ilivyo desturi. Akina mama wa samaki walikuwa kwenye safu ya mbele, maana walikuwa wateja wangu na wengine tunaimba nao kwaya. Mimi nilikuwa chumbani navalishwa, kwa kuwa bibi harusi haonekani mpaka aitwe mwishoni, nikichungulia kwenye pazia huku shangazi akinivuta nywele. Ulipofika wakati wa ng'ombe, vijana wa upande wao waliingia wakisukuma toroli la ujenzi lililofunikwa kitenge kipya. Watu walishangilia wakidhani ni bia.

Baba mdogo aliondoa kitenge. Miche yote ya mchumba wangu ilikuwemo, imetolewa kwenye plastiki na kusuguliwa kwa limau na majivu hadi ikawaka kama jua. Aliacha Kinyarwanda akaingia Kiswahili, lugha ya biashara zote za mpakani.

"Muzee, ulisemaka hautaki envelopu. Bon. Ngombe inakulaka, inagonjwaka, siku moja inakufa na unabakia na kamba mu mukono. Sisi tumekuletea yenye haikulake na haikufake."

Hapo ningependa kusema kwamba watu walinyamaza, ila kulikuwa na mtu mmoja ambaye hakuweza kunyamaza. Msifu wa kukodiwa, yule anayeimba majina ya sifa ya ng'ombe kwenye posa za kwetu, alikuwa ameshalipwa na alikuwa na sherehe nyingine mchana. Alisimama, akatazama toroli, akainua fimbo yake na kuanza. Alimsifu asiye na pembe na bado hakuna anayethubutu kumsukuma. Alimsifu asiyefukuza nzi, asiyeruka ua kwenda kula mahindi ya jirani, asiyekohoa hata akinyeshewa na mvua. Akayasifu hata maziwa yake, kwamba hayamwagiki. Nilicheka mpaka shangazi akanifinya.

Baba hakucheka. Alisimama mwenyewe, jambo ambalo halifanywi, kwa sababu baba wa binti huzungumza kupitia msemaji wake. Alichukua mche mmoja, akaupima mkononi, akaurudisha.

"Nimewasikia, na nawashukuru," alisema. "Sikatai kitu kigeni. Lakini ng'ombe nikimnunua leo, aliyeniuzia nikimwita kesho atamchukua kwa bei ile ile, na akiona ana mimba ataongeza. Hivyo ndivyo ninavyojua kwamba ni mali. Sasa aliyeuza vitu hivi yumo ndani ya nyumba yangu. Mwiteni aje aniambie kama atavinunua kwa bei aliyouzia. Akisema ndiyo, posa imekubaliwa."

Nilitoka na hereni moja sikioni, nyingine ikabaki mkononi mwa shangazi. Sikumbuki nilivyovuka uwanja. Nakumbuka kwamba nilimwona mchumba wangu amekaa wima kati ya wazee wake, amevaa koti la kuazima, ananitazama kwa utulivu uliozidi kunitia hofu. Nikisema ndiyo naolewa, na Jumatatu akina mama wote wanapanda ngazi na sabuni zao kudai bei hiyo hiyo. Nikisema hapana kazi imekwisha, na mume pengine naye amekwisha, maana nitakuwa nimemwambia mbele ya ukoo wake kwamba jasho lake la ziwani nililigeuza mabomba yaliyopasuka.

Niliogopa sana. Nilitamani baba angeniuliza hata kuhusu galiamu.

"Baba, siwezi," nikasema. "Ofisi inanunua kwa bei ya kuyeyusha. Haifiki nusu."

Mama mmoja wa kwaya, aliyekuwa na miche mingi kuliko wenzake, alisimama, akafikiri, akaketi tena. Baba mdogo alianza kufunika toroli kwa kitenge, polepole, kama mtu anayefunika maiti. Baba alimgeukia mchumba wangu.

"Umesikia, kijana?"

"Nimesikia, Papa. Ila mi nilijuaka."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu ile ya kwanza. Niliipelekaka kwa mutu mwenye anayeyushaka masufuria. Aliniambia bei yake, tukacheka wote wawili."

Nilimtazama nikiwa nimeacha mdomo wazi. Miezi yote ile nilikuwa nakosa raha kwa ajili ya siri ambayo mwenyewe alikuwa ameshaichekea na fundi wa masufuria.

"Na bado ukaendelea kununua," baba alisema.

"Papa, mutu mwenye hana shaba, ataingia mule bureau kila mwezi na sababu gani? Bosi yake anafukuzaka watu wenye kuzururazurura. Mwenye iko na shaba, hata akikosa feza, anaweza kuingia kuuliza shaba yake inaendelea je." Aliona aibu, akatazama viatu vyake. "Na alikuwa anaelezaka muzuri sana ile mambo ya voiture ya umeme."

Akina mama wa samaki walipasuka kwa kicheko, na yule mwenye miche mingi alicheka kuliko wote, akijipangusa macho kwa ncha ya kitenge. Baba alisubiri wamalize. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa amesikia Kiswahili cha namna ile kwa kirefu bila kumrekebisha msemaji.

"Toroli mrudi nalo," aliwaambia wakwe. "Ng'ombe mtamleta siku mtakapompata, mwenye miguu minne. Kuhusu binti, chukueni neno langu leo: posa imekubaliwa. Mtu anayejua anapunjwa, na bado anapanda ngazi kila mwezi kwenda kusikiliza, huyo ataweza kuishi na mwanangu."

Nililia pale pale katikati ya uwanja, kwa sauti, mbele ya wateja wangu wote.