Pombe ya Asali ya Nyumbani Kwetu

Baba alipofariki, aliyebaki akiijua vizuri pombe yetu ya asali alikuwa mama, na mama alikuwa ameshaokoka. Zamani baba alileta asali kutoka kwenye mizinga yake ya Ugalla, na mama ndiye aliyeloweka mizizi ya kuichachusha na kuonja.

Mdogo wangu wa kike alipochumbiwa na kijana wa Kibaoni, baba mdogo alinijia hapa Mpanda na ndoo ya asali na mizizi iliyofungwa kwenye kitambaa.

"Ukoo huu haujawahi kupokea wakwe kwa soda," alisema. "Wewe ndiye mkubwa. Tengeneza."

"Mizizi naweka kiasi gani?"

"Kwani mimi nilikuwa napika?"

Nikachanganya kwa kubahatisha, nikafunika. Tangu hapo sikutulia. Naacha mboga jikoni naenda kufunua ndoo. Namwachia jirani genge langu, nakimbia nyumbani kunusa. Nikionja, chungu. Nikiongeza asali, naogopa nimezidisha.

"Utaiharibu kwa kuifunuafunua," mume wangu alisema.

Mama alikuja kusaidia maandalizi. Alikaa mlangoni na ungo wake wa mchele, mgongo kaielekezea ndoo.

"Mama, niambie tu kiasi cha mizizi."

"Hayo niliyaacha."

"Sikwambii unywe."

"Najua unachotaka."

Akaendelea kuchambua. Mimi nikaenda tena kufunua. Aliposikia mfuniko, aliweka ungo chini.

"Hebu toka hapo."

Alinawa mikono, akachovya kidole, akakiweka ulimini. Alifumba macho kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea.

"Mizizi imezidi. Itoe yote, ongeza asali kidogo, halafu usiiguse mpaka wageni waje."

Kisha akaenda bombani, akasukutua mdomo, akarudia, akarudia tena.

Jumapili kanisani ilikuwa siku ya kushiriki meza ya Bwana. Mama, ambaye huwa wa kwanza kuinuka, alibaki kwenye benchi. Nilimshika mkono. Akautoa taratibu.

Nje nikamwambia, "Mama, kilikuwa kidole tu."

"Usinionee huruma," alisema. "Nilitaka kuonja."

Wakwe walipokuja walikunywa, wakaongezewa. Mzee wao mmoja akauliza nani kaitengeneza. Baba mdogo akaninyooshea mkono kwa furaha. Nikamtafuta mama kwa macho. Alikuwa anawamiminia watoto chai, hakugeuka.

"Ni ya nyumbani," nilijibu.

Sasa mdogo wangu ni mjamzito, na baba mdogo anapiga simu akisema mtoto akizaliwa wakwe watakuja tena, niandae mapema. Sijampa jibu. Mama bado hajarudi kwenye meza ya Bwana. Wenzake wakianza kuinuka ibadani, naacha kusikia wanachoimba, naangalia miguu yake.