Kinyozi Aliyeugua Tajnisi

Kinyozi wetu aliletwa nchini mgongoni mwa mama yake, akiwa hajaota hata jino moja. Hapa ndipo alipokulia, ndipo alipooa, ndipo alipozaa pacha, na vichwa vyote alivyopata kuvinyoa vilikuwa vya watu wa hapa. Hakuwahi kujiuliza yeye ni mtu wa wapi mpaka halmashauri ilipobandika tangazo langoni mwa soko, kwamba kuanzia mwaka uliofuata vibanda vingepangishwa kwa raia peke yao.

Kibanda chake kilikuwa na kiti cha chuma kinachozunguka, kioo chenye ufa pembeni, na benchi ambalo wazee walilikalia hata wasipokuwa na nywele za kunyoa. Kazi nyingine hakuijua. Asubuhi ya pili alivaa shati la kwendea harusini, akaenda idara ya uhamiaji.

Afisa, mtu mwembamba asiyepandisha sauti, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mzee, wewe si raia wa kuzaliwa. Unachohitaji ni tajnisi."

"Ni nini hiyo?"

"Ni uraia anaopewa mgeni kwa kuuomba. Ulete shahidi, raia anayekufahamu tangu zamani, ila asiwe mkeo."

Kinyozi alilikariri neno lile njia nzima lisije likamponyoka. Nyumbani alimkuta mama mkwe wake kizingitini, akipeta mchele. Ikumbukwe kwamba kinyozi, ambaye kibandani hakuna aliyemshinda kwa maneno, mbele ya mama mkwe alikuwa mtu wa kujibu alichoulizwa, basi. Ndivyo alivyoielewa heshima.

"Wamesema nini, mwanangu?"

"Tajnisi, mama."

Ungo ukasimama. "Imekuanza lini?"

"Mambo yenyewe ni ya tangu utotoni, mama. Sikujua tu."

"Na itakwisha?"

"Wamesema itachukua muda."

"Lakini chakula unakula?"

"Ninakula, mama," alijibu kinyozi, akistaajabu kidogo, akaingia ndani kupumzisha miguu.

Mama mkwe alikwenda kwa jirani kuomba chumvi, na kabla jua halijatua soko zima lilikuwa limekwisha kupata habari. Muuza viatu alieleza kwamba tajnisi huingia kwa njia ya wembe. Mshona magunia alikuwa na binamu aliyewahi kuiona, nayo, kwa maelezo yake, huanzia kisogoni. Benchi likabaki tupu. Wateja walipita mbali wakisalimu kwa kupunga mkono, na wenye nywele ndefu wakaanza kupenda kofia.

Kinyozi hakujua lolote kuhusu uvumi huo. Alichoona ni kwamba tangu aende uhamiaji watu wamemkimbia.

"Kumbe siku zote walikuwa wananihesabu mgeni," alimwambia mkewe. "Walikuwa wananistahi tu."

"Watazoea, Baba Pacha. Umempata shahidi?"

"Nilimwomba seremala. Kasema ana mafua, tena alikuwa ananijibu kupitia dirishani."

Basi ikawa hapana budi aende mama mkwe. Bibi yule aliposikia kwamba anatakiwa kwenda kuapa kuhusu tajnisi ya mkwe wake, alifunga kilemba kipya, akatangulia mlangoni.

Afisa alimwapisha, kisha akachukua kalamu.

"Bibi, unaonaje, mkweo anastahili tajnisi?"

"Hata kidogo," alijibu bibi. "Mtu mwema kama huyu? Tajnisi wapewe wabaya wake."

Kinyozi alihisi kiti kinamkimbia. "Mama..."

"Nyamaza, mwanangu. Kinyozi hajinyoi. Niache nikusemee."

"Kwa hiyo unapinga apewe?" aliuliza Afisa.

"Napinga. Hana, wala kwangu hakuja nayo. Mtazame macho yake, manjano iko wapi? Muulize kama chakula hali."

Hapo ndipo kinyozi alipoelewa kwa nini seremala alimjibu kupitia dirishani. Alisimama. "Bwana Afisa, mama anadhani ni ugonjwa."

"Kaa, mzee. Kiapo ni chake, si chako." Afisa alimgeukia bibi. "Kama hana tajnisi, basi huyu ni nani?"

"Ni baba wa wajukuu zangu. Ni mtu wa hapa hapa."

"Raia kama mimi?"

"Anakuzidi. Wewe nimekuona leo."

Afisa aliandika yote, neno kwa neno, kwa kuwa kanuni za idara hazikumruhusu kufuta kilichosemwa chini ya kiapo. Njiani kurudi mama mkwe alimtuliza: "Usihofu, nimewaambia."

Jibu lilikuja msimu wa mvua ulipokwisha. Kinyozi alilipeleka sokoni likiwa bado limekunjwa, akamkabidhi mwenyekiti wa soko, ambaye alivaa miwani akasoma kwa sauti.

"Ombi lako la tajnisi limekataliwa." Alivua miwani. "Pole sana, ndugu yangu. Kibanda itabidi ukiache."

"Maliza kusoma, mwenyekiti."

Akaivaa tena. "Limekataliwa kwa sababu, kwa mujibu wa ushahidi wa kiapo ambao haukupingwa na raia mwingine yeyote, mwombaji ni mtu wa hapa hapa na ni raia kumzidi afisa mhusika. Raia hapewi tajnisi." Aliigeuza barua, akatazama nyuma, akarudi mbele. "Sasa wamekunyima au wamekupa?"

"Wamenikatalia kwa kuwa uraia ninao."

Mwenyekiti aliupima muhuri kwa kidole gumba. Ulikuwa muhuri halali. Akaandika jina la kinyozi katika orodha ya wapangaji, akishusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo asioujua ni wa nani.

Mama mkwe alitangaza mwenyewe sokoni: "Wamempima kule serikalini. Hana."

Benchi lilijaa kabla ya adhuhuri. Wa kwanza kukikalia kiti alikuwa seremala, nywele zimemfika masikioni.

"Mimi nilijua ni uzushi," alisema.

"Kwa hiyo mafua yamepona?"

"Yamepona." Seremala alimchungulia kiooni. "Lakini kweli, hiyo kitu inauma?"

Kinyozi alimfunga kitambaa shingoni, akakikaza kidogo kuliko kawaida.

"Yenyewe haiumi," alisema. "Inauma benchi likiwa tupu. Haya, inamisha kichwa."