Sura Ambayo Sikumsomea Mama

Kwenye kibanda changu cha vitabu vya mitumba, hapa Nakuru karibu na soko, kitabu hakirudi kimya kimya. Ukikileta nikubadilishie kingine, lazima usimame mbele ya meza useme kilikufanyia nini, hata kama nyuma yako kuna watu wanangoja. Ukisema tu kwamba kilikuwa kizuri, nakurudisha nyuma ya foleni. Chai ndiyo huwa nzuri. Kitabu nataka kitolewe hukumu.

Hakuna kitabu kilichohukumiwa mara nyingi kama kile cha kapteni mwenye nyambizi, yule aliyewakasirikia watu wote wa nchi kavu akaamua kuishi chini ya bahari. Ni tafsiri ya Kiswahili iliyofupishwa, na jalada lake lilichanika zamani. La sasa nililitengeneza mwenyewe kwa karatasi ya kalenda, kwa hiyo kwa mbele kina picha ya ng'ombe wa gredi. Kuna wanaokichukua wakidhani ni cha ufugaji.

Mfanyabiashara mmoja wa mahindi kutoka Rongai alikirudisha akiwa amekasirika. "Huyu kapteni ako na dhahabu, ako na maktaba, ako na kinanda, na bado analia ameonewa," alisema. "Sisi tunaonewa na hatuna hata gunia ya kukalia." Mama anayeuza nguo kwenye kibanda cha pili alikisoma kati ya mteja na mteja, akaja na swali moja: humo ndani ni nani alikuwa akifua? "Kitabu mzima hakuna mwanamke. Ndio maana wamenuna hivyo." Mzee mmoja wa kanisa alikilinganisha na habari za Yona, akatoa hukumu kwamba Yona ndiye aliyeteseka zaidi, kwa sababu samaki wake hakuwa na dirisha. Msichana wa chuo alikiri kwamba aliruka kurasa zote za majina ya samaki. Nikamwambia hajasoma kitabu, amekipitia juu juu kama bata. Watu wakacheka, na mimi ndiye niliyecheka kwa sauti zaidi.

Nilithubutu kumwambia hivyo mtoto wa watu, ilhali mimi mwenyewe kuna sura niliyokuwa nimeiruka, tena si kwa kuchoshwa nayo.

Mama yangu anaishi nami katika vyumba viwili vya kupanga. Macho yake yamefifia, Biblia yenyewe haioni tena, kwa hiyo jioni baada ya chakula namsomea. Kitabu cha nyambizi alikipenda kuliko nilivyotarajia kwa mtu ambaye hajawahi kuiona bahari. Alikuwa akiuliza maswali yake huku akimenya njegere kwa vidole. "Huyo pweza ni wa kula ama ni wa kuogopa?" Nikinyamaza kidogo ananikemea: "Soma, wacha kumeza mate." Basi tulipofika mahali mabaharia wanamzika mwenzao chini ya bahari, niliona kinachokuja, nikafunua kurasa kadhaa mbele na kuendelea kama kawaida. Nilidhani hakugundua.

Niliiruka kwa sababu baba yangu yuko chini ya maji.

Tulimzika kwenye shamba letu upande wa ziwa, pakavu kabisa, mahali ambapo hata tope lilikuwa la kutafuta wakati wa mvua. Mimi ndiye kifungua mimba, kwa hiyo mimi ndiye niliyemwaga saruji na kusimamisha msalaba. Kando yake tuliacha nafasi ya mama. Kisha ziwa likaanza kupanda. Majirani wawili waliita wazee na mchungaji, wakafukua watu wao, wakawahamishia sehemu za juu. Mimi nilisema ziwa hili tunalijua tangu utotoni, huja likarudi. Nikapanda mahindi mpaka ukingoni kuwaonyesha kwamba siogopi. Maji hayakuja kwa kelele. Yalitokea chooni kwanza, kisha kwenye mahindi, kisha mlangoni, nasi tukahama na vyombo tu. Majirani waliniambia kwamba msalaba bado ulionekana nusu, baadaye kwamba kimebaki kichwa chake, baadaye hawakuniambia tena. Sasa flamingo husimama pale na wageni huwapiga picha.

Sioni haya kwa kupoteza shamba, kwa maana tuliolipoteza ni wengi. Naona haya kwa sababu nilikuwa na wakati wa kumhamisha baba yangu na badala yake nikapanda mahindi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi hata ukuta sina pa kuujenga.

Na mama ana swali lake. Kila akitoka kliniki ananiuliza, "Na mimi mtanipeleka wapi?" Nami namjibu, "Mama, wewe bado uko sana." Si jibu, na sote wawili tunajua. Jibu lilikuwapo. Dada yangu mdogo ameolewa Rongai, na mume wake alifunga safari mwenyewe, kofia mkononi, akaniambia kuna kona ya shamba lao ambayo wangefurahi impokee mama siku yake ikifika. Nilimpa chai, nikamshukuru, nikamwambia mama ana kijana. Kwetu mwanamke aliyezaa mwana hazikwi kwa mkwe. Mkwe ni mtu wa kuheshimiwa kwa mbali, huwezi kumbebesha maiti yako. Nilikuwa nawasikia watu hata kabla hawajasema: yule alishindwa na babake, sasa ameshindwa na mamake pia. Kwa hiyo swali la mama likabaki pale nyumbani kama mgeni ambaye hajapewa kiti.

Ikafika siku ya kliniki. Mama alikuwa amekaa kibandani kwenye kigoda akinisubiri nifunge, dawa zake mapajani, wakati dereva wa lori la mbao kutoka Elburgon alipokuja na kitabu chenye ng'ombe.

"Boss, nipatie nafasi nitoe hukumu," alisema. "Hizo za pweza ni sawa. Lakini kuna mahali ilibidi nipaki lori kando. Ile part wanazika mtu."

"Imetosha," nilimkata. "Umefaulu. Chukua chochote hapo mezani."

"Si sheria ni kuongea mpaka mwisho?"

Mama aliinua uso. "Kijana, wanazika mtu wapi?"

"Huko chini kabisa, mathe, chini ya bahari. Wanavaa zile manguo za kupumulia kwa maji, wanabeba mwili polepole. Kufika, kumbe kuna makaburi ingine huko. Yaani wako na place yao. Kuna hadi msalaba, ya yale mawe mekundu ya bahari. Wanachimba, wanamweka, wanapiga magoti."

"Na nani anaomba?"

"Hakuna kuongea huko, mathe. Ukifungua mdomo umekwisha. Ni magoti tu."

Mama alinigeukia. Macho yake hayanioni vizuri, lakini siku hiyo yalinipata. "Hiyo hukunisomea," alisema.

Yule mama wa nguo alisikia kutoka kibanda cha pili. "Kumbe mwenye sheria ndiye anaruka!" Watu wakaangua kicheko, na kwa haki, maana nimewacheka wote kwa zamu. Hakuna aliyejua kwa nini niliruka. Uso uliniwaka mpaka masikioni. Nilijifanya kupanga vitabu ambavyo vilikuwa vimepangika, huku nikitamani ardhi inimeze, halafu nikaona haya hata kwa kutamani hivyo.

Dereva naye alidhani ameharibu. "Pole mathe, nimekumalizia story."

"Hapana," mama alimwambia. "Ulichoniletea ni kile nilinyimwa."

Nyumbani hakungoja chakula. Alikaa kitandani akasema, "Leta hicho kitabu." Nikasoma ile sura kutoka mwanzo. Ni fupi, katika tafsiri yetu haifiki hata kurasa nne, lakini nilipofika mahali wanapopiga magoti sauti ilinikatika. Hakunibembeleza. "Soma vizuri," alisema, "mimi si mtoto." Nikasoma mpaka mwisho, nikafunga kitabu, nikangoja hukumu.

"Hao waliombeba walikuwa ndugu zake?"

"Hapana. Watu wa nchi mbalimbali."

"Mama yake alikuwa hapo?"

"Hapana, mama."

"Na walimfanyia vizuri."

"Walimfanyia vizuri."

Alipapasa blanketi kama anayetafuta sindano. "Wakati msalaba wa baba yako unazama," alisema, "ulifikiri mimi nilikuwa nakaa tu hapa kwa nyumba? Nilikuwa naona bado. Ukienda kazini nami naenda ziwani. Nilikuwa napiga magoti kwa hiyo matope, naomba, narudi napika. Nilienda mpaka siku haukuonekana tena. Kila siku nilikuwa nasema leo nitampata kijana yangu hapa. Hukuja hata mara moja."

Ni kweli sikwenda. Miaka yote hiyo nilidhani namkinga mama na kaburi lile, kumbe mtu wa pekee aliyekuwa akikingwa ni mimi. Nililia mbele yake, mtu mzima mwenye mvi, na yeye akaniacha nilie.

Niliponyamaza alisema, "Baba yako nilimzika mara mbili. Huyo amekwisha. Aliyebaki ni mimi. Piga simu Rongai."

"Mama, kwa mkwe? Watu watasema..."

"Mficha uchi hazai. Aibu ni yako, mimi nataka mahali. Piga."

Nilipiga nikiomba dada yangu ndiye ashike. Alishika shemeji. Nikamuuliza habari za mahindi, nikamuuliza habari za mvua, nikamuuliza habari za watoto mmoja mmoja. Yeye akajibu yote kwa upole, kama mtu anayejua kwamba simu haijaanza. Mama akanigonga gotini. "Muulize kama iko juu."

"Shemeji," nilisema, "mama anauliza. Ile kona ya shamba uliyotuambia. Iko juu ama iko chini?"

"Iko juu, shemeji," alisema. "Juu kabisa, maji haiwezi kufika. Na nilishaizungushia ua. Niliizungushia ile wiki nilitoka kwenu, ulinipea chai. Nilijua siku moja utapiga."

Nilimshukuru. Sijui kama alinisikia, maana hata mimi sikujisikia.

"Anasemaje?" mama aliuliza.

Nilimwambia iko juu, maji hayafiki, na tayari ina ua. Sikumwambia ni tangu lini. Hapo niliruka tena.